Kutoka Kibokoni Hadi Kiti cha Jaji



Jumamosi moja baada ya sala ya Alasiri alinijia barazani mama mmoja wa hapa Kibokoni pamoja na binti yake wa kidato cha tatu. Alitoa salamu, akaketi, kisha akaniuliza, "Maalim, wanikumbuka?" Sikumkumbuka. Akanitajia jina la marehemu baba yake, na hapo nikakumbuka kila kitu, nikatamani lau nisingekumbuka.

Miaka kumi na tisa iliyopita baba yule alinijia mahali pale pale. Binti yake alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne na kupata B+, na alikuwa amesema kwamba ataka kusomea sheria ili siku moja awe jaji. Baba akataka rai yangu. Nilimjibu kwa haraka, maana Maghribi ilikuwa imekaribia na udhu sikuwa nao. Nikamwambia kwamba ujaji haumfai mwanamke, kwamba mahakama za serikali si mahali pa watoto wetu, na kwamba akitokea mchumba mwema asirudishwe. Baba alikuwa mtu wa kusikiliza mashekhe. Mchumba alitokea mwaka ule ule. Ndoa yenyewe, alhamdulillahi, ni njema, na hilo mama mwenyewe alinihakikishia kabla sijauliza.

"Sasa ni huyu," akasema, akimwashiria binti. "Ataka kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Sikuja kukuuliza kama yafaa, Maalim. Nimekuja nikuulize njia yapita wapi."

Niliomba wiki moja. Haya ninayoyaandika ni yale niliyoyakusanya katika wiki ile, pamoja na mambo machache niliyoyajua zamani nikayanyamazia.

Nilianza kwa kutembea. Kutoka Kibokoni hadi jengo la mahakama ya zamani, lile lililo karibu na Ngome, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Jengo lile lilijengwa mwaka 1902, wakati Nairobi ilikuwa bado ni kambi ya reli iliyoanza kukua, na Mombasa ndiyo iliyokuwa na mahakama kubwa ya Waingereza katika nchi hii. Amri yao ya mwaka 1897 ilizigawa mahakama mafungu: zao wenyewe, za Waislamu chini ya Liwali, Kadhi na Mudiri, na za wenyeji wengine. Kadhi walimkuta. Pwani ilikuwa ni milki ya Sultani wa Zanzibar, na mapatano ya mwaka 1895 yaliwapa Waingereza usimamizi wa ukanda wa maili kumi bila ya kuiondoa sheria ya Kiislamu katika mambo ya nyumba na mirathi. Kwa hivyo kadhi tulikuwa naye tangu zamani, ama jaji alikuja kwa meli. Kwa miongo mingi mtoto wa Mji wa Kale aliyeingia katika jengo lile aliingia kama karani, mkalimani, shahidi au mshtakiwa. Hata Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika, Kitili Mwendwa, hakuteuliwa ila mwaka 1968, miaka mitano baada ya uhuru.

Nafikiri ndipo ilipotoka ile dhana iliyokuwamo kichwani mwangu, kwamba mahakama ya Kadhi ni yetu na Mahakama Kuu ni ya wenyewe. Dhana hiyo ina kosa kubwa, na nitalifikia.

Kwanza njia yenyewe, kwa kuwa ndiyo niliyoulizwa.

Hapa kwetu hakuna shule ya kufundisha ujaji kama ilivyo katika baadhi ya nchi za Ulaya, ambako kijana hutoka chuoni akaingia moja kwa moja katika mafunzo ya majaji. Hapa mtu huwa mwanasheria kwanza, akaonekana kazi yake kwa miaka, kisha ndipo akaomba kiti. Mlango wa kwanza ni mtihani wa kidato cha nne. Kwa njia ya kawaida atakiwa apate wastani usiopungua C+, na pamoja na hayo B kamili katika Kiingereza au Kiswahili. Wazazi, lisomeni tena neno hilo la mwisho. Nimewaona watu wa Mombasa, ambao Kiswahili ndicho walichonyonya, wakiwaambia watoto wao wasipoteze wakati kwa Kiswahili kwa kuwa "twakijua". Mtoto huingia katika mtihani akapata C katika lugha ya bibi yake.

Kisha shahada ya sheria, miaka minne. Wako wanaoipata hapa hapa nchini, na wako wanaokwenda katika vyuo vinavyofundisha sheria na sharia pamoja, kama vile Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichoko Tunguu au Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa kilichoko Malaysia. Mchanganyiko huo ni mzuri mno kwa mtoto wa pwani. Lakini kabla ya kulipa karo ya nje, mzazi na aulize kwa Baraza la Elimu ya Sheria la Kenya kama shahada hiyo yatambuliwa na ina masomo yote yanayotakiwa.

Mwenye shahada si wakili bado. Humbidi aingie chuo kiitwacho Kenya School of Law, kilichoko Karen, Nairobi. Mafunzo yake ni miezi kumi na minane kwa jumla, na ndani yake mna miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu. Mitihani hutungwa na lile Baraza la Elimu ya Sheria, na ina sifa ya kuwaangusha wengi. Akifaulu hupeleka maombi, husimama mbele ya Jaji Mkuu, huapa, na jina lake huingizwa katika daftari la mawakili.

Kuanzia hapo njia hugawanyika. Mmoja atafungua ofisi ya uwakili, mwingine ataajiriwa na serikali, mwingine atafundisha chuo kikuu, na mwingine ataomba kazi ya hakimu, ambaye husikiliza kesi katika mahakama za chini na kupanda daraja kwa daraja. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 166, yataka anayeomba ujaji wa Mahakama Kuu awe na uzoefu wa miaka isiyopungua kumi, ama katika uhakimu wa kitaaluma, ama katika uwakili, ama katika ualimu wa sheria uliotukuka, au vipande vya hayo vilivyojumlishwa. Yataka pia awe mtu wa tabia njema, mwadilifu na asiyependelea. Elimu ya fiqhi peke yake, hata iwe bahari, haimfikishi mtu katika ngazi hii. Yahitajika na ile ya sheria ya nchi.

Nafasi zikitangazwa, mwombaji hupeleka karatasi zake kwa Tume ya Huduma za Mahakama. Tume hiyo ina wajumbe kumi na mmoja na huongozwa na Jaji Mkuu. Miongoni mwao wamo majaji, hakimu, Mwanasheria Mkuu, mawakili wawili waliochaguliwa na wenzao, na wawakilishi wawili wa wananchi, mwanamke na mwanamume. Mahojiano hufanyika hadharani, na mwananchi yeyote aweza kuandika barua kumpinga au kumuunga mkono mwombaji. Huulizwa kesi alizozishughulikia, mali aliyo nayo, na hata madeni. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia kuwa yeye hangeweza kuulizwa mambo hayo mbele ya televisheni. Nikamwambia kuna mahali tutaulizwa zaidi ya hapo.

Wakishachaguliwa, majina hupelekwa kwa Rais awateue na kuapishwa. Hapa pia pana kungoja. Waliopendekezwa na Tume mwaka 2019 kwa mahakama mbali mbali za juu walikaa hadi Juni 2021 ndipo 34 kati yao wakateuliwa. Sita waliachwa nje, wakaapishwa mwezi wa Septemba 2022 baada ya serikali kubadilika. Akishaapishwa, jaji hawezi kuondolewa kwa simu ya mkubwa. Mshahara wake haupunguzwi akiwa kazini, hustaafu akitimiza miaka 70, ingawa aweza kuondoka mapema kuanzia miaka 65, na kumtoa kabla ya hapo ni lazima ipitie Tume na kisha jopo maalumu la uchunguzi.

Hiyo ndiyo njia ilivyoandikwa. Jinsi inavyotembewa ni jambo jingine, na kwa hilo nitamtaja mtu mmoja ambaye Mombasa yamjua.

Jaji Mohammed Khadhar Ibrahim alisomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akaingia katika uwakili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1990, wakati wa vuguvugu la kudai vyama vingi, alitiwa kizuizini. Mwaka 2003 aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na kati ya vituo alivyofanyia kazi ni Eldoret na hapa kwetu Mombasa. Tukihesabu, tangu aingie katika uwakili hadi akae kitini ilipita miaka ipatayo ishirini, mara mbili ya ile inayotakiwa na Katiba ya sasa.

Akiwa Mombasa, Novemba 2010, ilimfikia kesi ya Wasomali tisa walioshtakiwa kwa uharamia wa baharini. Wakumbuke wasomaji hali ya wakati ule. Meli zilikuwa zikitekwa, bei za bidhaa bandarini zilipanda, na mataifa makubwa yalikuwa yakiwaleta washukiwa hapa ili tuwahukumu. Jaji Ibrahim alisoma sheria jinsi ilivyoandikwa, akaamua kwamba mahakama za Kenya hazikuwa na mamlaka juu ya kosa lililotendeka nje ya bahari ya Kenya, na akaamuru waachiliwe. Watu walishangaa na wakubwa hawakupendezwa. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Rufaa iliibatilisha hukumu ile. Mimi si mwanasheria, na siwezi kusema nani kati yao aliisoma sheria vizuri zaidi. Ninachokiona ni kwamba mtu aliandika lile aliloliona ni haki huku akijua halitamletea marafiki, na waliokuwa juu yake wakamsahihisha kwa hoja. Hivyo ndivyo kazi hii inavyokwenda.

Mwaka 2011 aliteuliwa kuwa mmoja wa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Juu. Mwaka uliofuata ikaja bodi ya kuwachuja majaji wote wa zamani. Bodi ile kwanza ilimwona hafai, kwa sababu ya hukumu na maamuzi yaliyocheleweshwa alipokuwa Mahakama Kuu. Aliomba ipitiwe tena, na baada ya kuangaliwa upya akaonekana anafaa, akabaki kitini. Nalitaja hili kwa heshima, wala simtii mtu doa, kwa kuwa ndilo linalowagusa zaidi wasomaji wa ukurasa huu. Mjane anayengojea hukumu ya nyumba ya marehemu mumewe halii kwa kuwa jaji ni dhalimu. Hulia kwa kuwa faili lina miaka sita na wapangaji wanamlipa shemeji. Anayetaka kiti hiki na ajue kwamba kuchelewa pia kutahesabiwa.

Na je, wanawake? Effie Owuor ndiye mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya kupitia uhakimu. Jaji Abida Ali-Aroni aliingia kwa mlango mwingine. Alikuwa wakili, akawa kamishna katika Tume ya Marekebisho ya Katiba, na Profesa Yash Pal Ghai alipojiuzulu mwaka 2004 yeye ndiye aliyeshika uenyekiti. Baadaye aliteuliwa jaji wa Mahakama Kuu, kisha akapandishwa Mahakama ya Rufaa. Na tangu Mei 2021 Jaji Mkuu wa nchi ni mwanamke, Martha Koome.

Sasa nirudi kwenye jibu langu la miaka kumi na tisa iliyopita. Nilipomwambia baba yule kwamba ujaji haumfai mwanamke, nilikuwa nimesimama juu ya kauli ya madhehebu yetu ya Shafii, nayo ni kauli ya wengi miongoni mwa wanazuoni. Hilo silikani. Kosa langu ni kwamba nilimpa kauli moja kana kwamba hakuna nyingine. Imamu Abu Hanifa alijuzisha hukumu ya mwanamke katika yale ambayo ushahidi wake hukubaliwa, na Imamu Ibn Jarir at-Tabari amenukuliwa akijuzisha kwa upana zaidi. Katika nchi za Kiislamu, Sudan ilikuwa na majaji wanawake wa sharia tangu miaka ya 1970, Palestina iliwateua mwaka 2009, na Malaysia ikafuata mwaka 2010. Isitoshe, swali la baba yule halikuhusu ukadhi hata kidogo. Alikuwa akiuliza juu ya Mahakama Kuu, ambayo husikiliza mauaji, mikataba, haki za raia na mengi mengine, na mimi nikamjibu kwa mlango wa kitabu usiokuwa wake. Anayefuata rai kali zaidi na aifuate, nami simlaumu. Lakini ilikuwa ni haki yake aambiwe kwamba wanazuoni wamekhitalifiana.

Na lile kosa nililoahidi kulitaja ni hili. Mahakama ya Kadhi si kisiwa. Katiba yaiweka katika mahakama za chini, na mamlaka yake, kwa kifungu cha 170, ni hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Asiyeridhika na hukumu ya Kadhi ana siku thelathini za kukata rufaa, na rufaa yake huenda Mahakama Kuu. Huko jaji hukaa pamoja na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kama washauri. Wao hutoa rai, ama kalamu ya hukumu iko mkononi mwa jaji. Na wanaozipanda ngazi za Mahakama za Kadhi hapa pwani wakitafuta matumizi, talaka au fungu lao la urithi, wengi ni wanawake. Basi mwanamke wa Kibokoni anaposhinda au kushindwa katika mirathi ya babake, neno la mwisho laweza kuandikwa na mtu ambaye hajapata kukaa katika darasa la faraidh hata siku moja, kwa kuwa sisi wenye madarasa tuliwaambia watoto wetu kwamba kiti kile si chetu.

Mifano haiko mbali. Mwezi wa Mei 2010 ni majaji watatu wa Mahakama Kuu, Nyamu, Wendoh na Emukule, walioamua kwamba kuwekwa Mahakama za Kadhi katika Katiba ya wakati ule kunapingana na usawa. Ilibidi kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti mwaka ule ije na Katiba mpya ndipo mioyo ikatulia. Na mwezi wa Juni 2025 kesi ya mirathi iliyoanzia hapa Mombasa ilifika Mahakama ya Juu, ikaamuliwa kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wana fungu katika mali ya baba yao Mwislamu. Mjadala wake haujaisha misikitini wala majumbani, na fiqhi yake yataka makala ya peke yake. Hapa nauliza jambo dogo tu: katika safari ndefu ya kesi kama hiyo, ni wangapi miongoni mwa walioketi, waliotetea na walioandika ambao walilelewa ndani ya elimu hii na wangeweza kuieleza kwa lugha ya sheria?

Wazee wetu hawakulala katika jambo hili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti lake la Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, kabla hajawa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi 1947, na katika maandishi yake alihimiza elimu, ya wasichana ikiwemo. Baadhi yetu tuliokuja baada yake tulirudi nyuma ya pale alipotufikisha.

Jumamosi ya pili mama alirudi na binti yake. Niliwasomea haya kutoka daftarini. Mama alikuwa akihesabu kwa vidole: mwaka na kitu wa shule uliobaki, kungojea matokeo na nafasi, miaka minne, mwaka na nusu wa Karen, kisha kumi ya kazi. Akasema, "Nitakuwa na miaka hamsini na mitano, Maalim. Bado nitakuwa na macho ya kumwona, inshaallah." Kisha nikamwambia lile nililopaswa kumwambia kabla ya yote, kwamba nilikosea kwa babake na namwomba anisamehe. Alinyamaza kidogo. Akasema amenisamehe, lakini kuna masomo ya ziada ya hisabati ya binti ambayo karo yake ni nzito, na je, msikiti wetu hauna mfuko wa wanafunzi? Tunao, na sasa jina la binti limo.

Binti mwenyewe alikuwa na swali moja, kama itamlazimu aache madrasa. Nikamwambia asiiache, aje kila Jumamosi tusome faraidh. Nikampa mas-ala pale pale, mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama. Akaandika nusu ya mume na thuluthi mbili za dada, akajumlisha, akaona zimezidi mali yenyewe. Akafuta, akaandika tena, zikazidi tena. Nikamwambia kwamba mas-ala kama hii iliwafikia masahaba zama za Sayyidna Umar, nao wakashauriana, kisha nikamfundisha namna ya kuigawa kwa saba, tatu za mume na nne za dada. Aliitazama karatasi kwa muda. "Na jaji asiyeijua saba hii," akauliza, "hufanyaje?" Nikamweleza habari ya makadhi wawili wanaokaa naye.

"Na wao wakikhitalifiana?"

Muadhini alikuwa keshaanza. Nikamwambia tutaendelea Jumamosi ijayo.